ASKARI AMEMEZA ADUI, ADUI HAKUFA
Kwa nini dawa za kifua kikuu humezwa miezi sita



Hivi karibuni, baada ya mkutano wa afya tuliofanya karibu na bomba la maji, mama mmoja mtu mzima kutoka Fizi alinishika mkono akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu pale pale. Alisema: "Mwanangu, ninyi kila siku mnatufundisha kwamba ndani ya damu kuna askari wanaokula vijidudu. Haya. Kijana wangu amemeza dawa za kifua miezi miwili, kikohozi kimekwisha, mwili umerudi, anacheza mpira. Sasa hao askari wana kazi gani, hata alazimishwe kumeza dawa miezi minne mingine?"

Nilimwambia, "Mama, nipe siku chache." Jibu tulilozoea kulitoa sisi wahudumu wa jamii ni kwamba daktari ndivyo alivyosema. Jibu hilo halimtoshi mtu mwenye akili zake, na mimi mwenyewe siku ile liliniona haya kulitoa. Nilifungua madaftari yangu ya sekondari, maana nilisoma baiolojia na kemia hapa hapa kambini, kisha nikamsumbua tabibu wa kituo cha afya mpaka akanifukuza kwa utani. Haya niliyoyapata nayaandika kwa ajili ya wote, kwa kuwa swali la mama yule nimelisikia katika vijiji vingi vya kambi yetu ya Nyarugusu.

WALAJI NDANI YA MWILI

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja ameliona. Umejikata kwa jembe, au mwiba umekuchoma kisiginoni ukienda kutafuta kuni. Kesho yake pale mahali pamekuwa pekundu, pana joto, pamevimba. Baada ya siku chache pametunga usaha. Sisi huuita usaha uchafu. Kumbe sehemu kubwa ya usaha ule ni maiti za askari wenyewe, yaani chembechembe nyeupe za damu zilizofia kazini.

Chembechembe nyeupe ni za aina nyingi, na si zote zinazokula. Zile zinazokula ziko hasa aina mbili. Aina ya kwanza huitwa nyutrofili. Hizi ni nyingi mno: uboho ulio ndani ya mifupa hutengeneza kiasi cha bilioni 100 kila siku kwa mtu mzima, na maisha yao ni mafupi, saa kadhaa au siku chache tu. Ndizo zinazokimbilia kidonda kwanza. Aina ya pili ni makrofaji, na maana ya jina lake ni "mlaji mkubwa". Huyu haendi mbio. Anakaa kwenye mapafu, kwenye ini, kwenye wengu, chini ya ngozi, kama mlinzi mwenye kibanda chake, na anaweza kuishi miezi mingi.

Mlaji huyu hana mdomo wala meno. Anapogusana na kijidudu, ngozi yake laini hutoa mikono miwili inayomzunguka adui pande zote mpaka inakutana upande wa pili na kushikana. Ni kama mama anavyofunga samaki ndani ya jani la mgomba kabla ya kumweka motoni. Sasa kijidudu kiko ndani ya mlaji, kimefungwa katika kifuko kidogo. Kumezwa huko bado si kufa, na hilo ndilo neno ninaloomba ulishike mpaka mwisho wa makala hii.

Kinachoua ni hatua inayofuata. Ndani ya mlaji mna vifuko vingine vyenye asidi na vimeng'enya, mfano wa maji makali ya tumboni yanayosaga chakula. Vifuko hivyo husogea, hugusana na kile chenye adui, kuta zao huungana vikawa kifuko kimoja, na ukali wote humwagikia kijidudu. Nyutrofili huongeza na jambo lililonishangaza: hutengeneza mle ndani kemikali ile ile inayopatikana klorini inapotiwa kwenye maji yetu ya bomba ili kuua vijidudu. Watu wanaolalamika kwamba maji yananuka dawa wajue kuwa damu yao wenyewe hutumia dawa hiyo.

Vijidudu vingine vinateleza, mlaji hawezi kuvishika vizuri. Hapo mwili huvipaka alama kwanza. Chanjo, au ugonjwa uliowahi kukupata, hufundisha mwili kutengeneza protini zinazogandamana na ngozi ya adui, na mlaji ana mahali pa kuzishikia. Mwaka 1903 daktari Mwingereza, Almroth Wright, alitafuta jina la vitu hivyo vya kwenye damu akachukua neno la Kigiriki linalohusu kuandaa kitoweo. Alilenga kabisa. Ugali mkavu hupita kooni kwa shida, ukiwa na mboga hushuka wenyewe.

ALIYEWAONA KWANZA

Mtu aliyewagundua walaji hawa hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa wanyama aitwaye Ilya Metchnikoff, aliyezaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkiv, katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Mwaka 1882 alikuwa Messina, kisiwani Sicily, akichunguza watoto wa kiti cha pwani, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Watoto wa mnyama huyo ni angavu kama kioo, unaona ndani bila kupasua. Metchnikoff alichukua miiba midogo bustanini akamchoma nayo mmoja, akalala. Asubuhi alikuta mwiba umezungukwa na chembe zinazotembea. Ndipo akapata wazo kwamba mwili wa mtu nao hujilinda kwa chembe zinazokula. Wengi walimcheka. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Paul Ehrlich, Mjerumani aliyetetea upande wa pili, kwamba kinga iko katika maji ya damu, yaani zile alama nilizozitaja. Wote wawili walikuwa sahihi.

Mwaka huo huo wa 1882, tarehe 24 Machi, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo.

ADUI NAYE ANA AKILI

Vijidudu vimeishi na walaji kwa muda mrefu sana, na vingi vimepata njia ya kupona. Kile kinacholeta kichomi cha mapafu kwa watoto huvaa koti la utelezi, mlaji anakishika kinamponyoka. Vingine, kama vile vya majipu, hutoa sumu inayompasua mlaji kabla hajamaliza kazi. Kijidudu cha homa ya matumbo, tunayoiita taifodi, hukubali kumezwa, kisha huishi ndani ya kifuko na kusafirishwa na mlaji huyo huyo mpaka kwenye ini na wengu. Ni kama mwizi aliyepanda gari la polisi.

Lakini bingwa wao ni kile cha kifua kikuu, na hapa nitakaa zaidi.

Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au hata akiimba, matone madogo sana hubaki yakielea hewani. Ndani ya nyumba yenye dirisha dogo kama nyingi za hapa kwetu, tena limezibwa na turubai kwa sababu ya baridi, hewa hiyo haitoki. Mwenzake akivuta pumzi, vijidudu vichache hufika ndani kabisa ya mapafu, kwenye vile vifuko vidogo vya hewa. Huko anawasubiri makrofaji. Anavimeza, kama ilivyo kazi yake. Na hapo ndipo kijidudu kilipotaka kufika.

Ngozi yake ni nene na imejaa mafuta ya namna ya nta. Nta hiyo ndiyo inayomsumbua fundi wa maabara: rangi haiingii mpaka ipashwe moto, na ikishaingia haitoki hata ukiosha kwa asidi. Kwa sababu hiyo, katika upimaji wa makohozi kwa darubini, kijidudu huonekana kama kijiti chekundu juu ya rangi ya bluu. Nta inayokataa asidi ya maabara inakisaidia pia dhidi ya asidi ya mlaji. Tena kijidudu hutoa kemikali zinazozuia vile vifuko vya asidi visije kuungana na kifuko chake. Askari amemfunga adui, ameita wenye silaha, wamefika mlangoni na mlango haufunguki. Isitoshe, kijidudu kinaweza kutoboa ukuta wa kifuko na kuvuruga shughuli za mlaji kwa ndani.

Halafu kinaanza kuzaana, polepole sana. Vijidudu vingi vya kuhara vikipata nafasi nzuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Hiki cha kifua kikuu huchukua karibu saa 20. Hakina haraka. Ndiyo sababu kuhara hukuangusha siku moja, ilhali kikohozi cha kifua kikuu hukunyemelea kwa wiki na miezi, mpaka mtu anadhani ni vumbi la kiangazi au moshi wa jikoni.

Mwili ukiona walaji wake wameshindwa, huita wengine wengi wakawazunguka wale waliobeba adui, wakabanana na kujenga kifundo. Kifundo hicho ni boma. Ndani mna vijidudu vilivyo hai, hewa ni kidogo, chakula ni kidogo, navyo hupunguza shughuli na kukaa kama vimelala. Mtu huyo si mgonjwa, hakohoi, hamwambukizi yeyote. Inakadiriwa kuwa karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa hivyo. Kati yao, watu 5 hadi 10 katika kila 100 wataugua siku moja maishani.

Kwa nini hao na si wengine? Boma linahitaji walinzi kila siku. Virusi vya UKIMWI huwaua wale wanaowapa walaji amri na nguvu, na boma hubomoka. Hii ndiyo sababu kila mgonjwa wa kifua kikuu hushauriwa kupima VVU. Kisukari hulidhoofisha. Watoto wadogo bado hawajui kulijenga vizuri. Na njaa. Hili nalisema bila kuzunguka: mtu asiyeshiba halindi boma, na mgao unapopunguzwa tunaolipa si matumbo peke yake. Wapanga mgao wanajua hesabu za unga na maharage. Ningependa na hesabu hii waiweke kwenye meza yao.

SASA SWALI LA MAMA

Boma likivunjika, sehemu ya pafu huoza na kubaki shimo. Ndani ya shimo moja vinaweza kuwamo vijidudu milioni 10, hata milioni 100 na zaidi. Hawa hawako katika hali moja. Wapo wengi walio wazi, wanakula na kuzaana. Wapo walio ndani ya walaji, mahali penye asidi. Wapo waliolala.

Dawa za miezi miwili ya kwanza ni nne, zimetiwa ndani ya kidonge kimoja. Isoniazidi huwaua wale wanaozaana, tena upesi, siku za mwanzo tu. Pirazinamidi hufanya kazi vizuri mahali penye asidi, pale ambapo nyingine hulegea. Rifampisini inaweza kumpiga hata yule anayeamka kidogo kisha akalala tena. Ethambutoli huwasaidia wenzake. Ndani ya wiki chache vijidudu vilivyo wazi vimekufa karibu vyote, homa inaondoka, jasho la usiku linakoma, mtu anakula na kunenepa. Kijana wa mama yule alikuwa amefika hapo. Kilichokuwa kinamkohoza kimekufa. Kilichobaki ni wale waliolala, na dawa haimuui kwa urahisi asiyefanya kazi. Inabidi imsubiri aamke. Miezi minne inayofuata, ambayo humezwa dawa mbili tu, rifampisini na isoniazidi, ni miezi ya kuwavizia mlangoni.

Kwa nini basi zisiwe dawa moja tu, tupumzike? Miongoni mwa vijidudu milioni moja hivi, kimoja huzaliwa tayari hakisikii isoniazidi. Kwa rifampisini ni kama kimoja katika milioni 100. Katika shimo lenye milioni 100, ukitumia isoniazidi peke yake umeacha kama mia moja ambavyo havitakufa, na hao ndio watakaozaa. Lakini kupata kimoja kisichosikia zote mbili ni kama kimoja katika trilioni 100, na hakuna pafu lenye vijidudu vingi kiasi hicho. Hesabu hii niliirudia mara tatu chini ya taa ya sola nikaona kweli imekaa. Anayekwenda dukani kununua vidonge viwili vitatu vya aina moja, au anayegawana dawa zake na jirani anayekohoa, anaivunja hesabu hiyo kwa mkono wake.

Naomba niseme na langu. Baba yangu mdogo alianza dawa, akapona kikohozi, mwezi wa tatu akaziacha na kuvuka ziwa kwenda kutazama shamba letu lililobaki. Hakuna aliyemkataza kwa nguvu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliombebea mzigo wake. Alirudi baada ya mwaka akiwa amekonda kuliko mwanzo, na safari hii dawa za kawaida hazikumsikia. Nchini Tanzania matibabu ya kifua kikuu sugu yalianza mwaka 2009 katika hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro. Wakati wa baba mdogo yalikuwa ya mwaka mzima na nusu au zaidi, pamoja na sindano zilizoweza kuharibu masikio. Hakuyamaliza, alifariki. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri vidonge vya miezi sita kwa wagonjwa wengi wa namna hiyo, bila sindano. Nafurahi kwa watakaopata.

MAMBO MACHACHE YA KUSHIKA

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda bila sababu: nenda kituo cha afya ukatoe makohozi. Watoto wa nyumba hiyo nao wapelekwe, hata kama hawakohoi, maana kuna dawa za kinga kwa walioishi na mgonjwa. Chanjo ya BCG anayopewa mtoto akizaliwa humlinda hasa na kifua kikuu kikali cha utotoni, kile kinachoingia ubongoni. Mkubwa haimlindi vya kutosha. Ugonjwa hauambukizwi kwa sahani, kikombe wala kushikana mikono. Haurithiwi, wala haurogwi. Fungueni madirisha mchana, jua na upepo ni maadui wake.

Wapo wanaoficha kikohozi kwa kuogopa kwamba wakipimwa watafutwa katika safari ya kuhamia nchi ya tatu. Ni kweli wasafiri hupimwa kifua. Anayeonekana na ugonjwa hutibiwa kwanza, na kupona ndiko kunakomfungulia njia. Anayeficha ataonekana kwenye picha ya eksirei siku ile ile, isipokuwa atakuwa amewaambukiza wanawe.

Ukimeza dawa ukaona macho ya njano, kutapika kusikokoma, ganzi miguuni au macho kuona ukungu, rudi kituoni siku hiyo hiyo. Usiziache kimya kimya. Kina mama wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi wamwambie mhudumu, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge hivyo.

Nilirudi kwa mama yule nikamweleza hayo yote, tukiwa tumekaa kwenye kibaraza chake, na kijana mwenyewe akisikiliza kando huku anashona mpira wake. Mama alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo wamelala mle ndani." Nikasema ndiyo, mama. Akamgeukia mwanawe akamwambia alete bakuli la dawa, akahesabu vidonge vilivyobaki mbele yangu. Havikuwa vimepungua kwa siku nne. Kijana aliinamisha kichwa akasema kuna jambo lilimtia hofu, mkojo wake umekuwa wa rangi ya chungwa, naye akadhani dawa zinamharibu figo. Hiyo ni rangi ya rifampisini yenyewe inayotoka mwilini. Hata machozi na jasho huweza kuwa hivyo, na haidhuru chochote. Alikimeza kidonge cha siku hiyo nikiwa pale, na kesho yake asubuhi tulikwenda wote kituoni kueleza zile siku nne.